Je, Kweli Malipo ni Hapa Hapa Duniani?

Katika maneno ambayo askari hupenda kuambiana wakati wa zamu za usiku, ni machache yanayorudiwa mara nyingi kama hili la kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Husemwa juu ya mkubwa aliyewaonea wadogo wake kisha akastaafu na maradhi. Husemwa juu ya mwizi aliyewaponyoka polisi akagongwa na lori barabarani. Husemwa hata juu ya jirani ambaye ng'ombe wake wamekufa, ijapokuwa hapana ajuaye kosa lake ni lipi. Siku hizi vijana wameongeza neno jingine, karma, walilolipata katika filamu na nyimbo, nao hulitumia kwa maana ile ile: kwamba ulimwengu una daftari lake, na kwamba kila deni lililoandikwa humo hulipwa kabla mdaiwa hajafa.

Sisi tumeona yafaa kuuliza kama hayo ni kweli. Raia wa kawaida aweza kuishi miaka mingi pasipo kulikabili swali hili, lakini mtu aliyekabidhiwa bunduki au pingu hukutana nalo kila mara. Huona mwema akizikwa na mwovu akipandishwa cheo. Huona risasi ikimpita yeye na kumwangusha mwenzake aliyelala hatua mbili kando yake. Hapo hujiuliza: mimi nimetenda nini hata nikabakizwa, na yeye alitenda nini hata akachukuliwa? Jibu atakalojipa halitakaa moyoni mwake peke yake. Litaonekana siku atakapoletewa mtu aliyefungwa mikono, au mama anayelia akitaka kuandikisha mashtaka.

NENO LENYEWE

Karma ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, na maana yake ya asili ni tendo. Wahindu, Wabuddha na Wajaini wote wanalo, ingawa hawakubaliani juu ya kila jambo lililomo. Kwa ufupi, wanafundisha kwamba tendo ni mbegu, na tunda lake sharti limrudie aliyeipanda. Lakini hawakusema kwamba tunda hilo litaiva kabla ya jua kuchwa. Kwao mtu huzaliwa, akafa, akazaliwa tena mara nyingi, na deni la leo laweza kudaiwa katika maisha ambayo bado hayajaanza. Wabuddha nao husisitiza nia: aliyemkanyaga mdudu pasipo kumwona hayuko sawa na aliyemkanyaga kwa kusudi.

Kwa hiyo hata wenye neno lao hawasemi yale tunayoyasema sisi tunapoliazima. Hali kadhalika dini zilizoenea katika nchi yetu. Mwislamu na Mkristo wote wawili wanaamini kwamba hesabu kamili imewekewa siku yake, na siku hiyo si ya dunia hii. Kisa cha Nabii Ayubu, ambacho wote wanakijua, ni cha mtu mwema aliyepoteza mali, watoto na afya. Katika Biblia, rafiki zake walikuja kumfariji kisha wakaanza kumshtaki, wakidai kwamba mtu hapatwi na mabaya makubwa kama hayo isipokuwa ametenda dhambi kubwa. Na mwisho wa kisa ni wao waliokemewa.

Basi waalimu wa dini, wa Mashariki na wa kwetu, wanakubaliana katika jambo moja: dunia hii ni ndogo mno kukamilisha hesabu. Ni sisi, kwa haraka yetu, tulioivuta siku ya malipo tukaileta hapa hapa.

WATAWALA WATATU WA MWAKA 1979

Tusiishie katika mafundisho. Tuutazame mwaka mmoja wa historia ya Afrika, maana mwaka huo ulitupa mizani ambayo si rahisi kuipata mara mbili. Mwaka 1979 walianguka watawala watatu waliokuwa wamesifika kwa kumwaga damu: Idi Amin wa Uganda mwezi wa Aprili, Francisco Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta mwezi wa Agosti, na Jean-Bédel Bokassa wa Afrika ya Kati mwezi wa Septemba. Kama daftari la ulimwengu lipo, na kama linafungwa hapa hapa, twategemea kwamba watatu hao walilipwa kwa kipimo kinacholingana.

Macías Nguema alitawala tangu nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1968. Wengi sana katika raia wake waliuawa au walikimbilia nchi za jirani. Tarehe 3 Agosti 1979 alipinduliwa na Teodoro Obiang Nguema, mtoto wa ndugu yake. Alishtakiwa katika ukumbi wa sinema mjini Malabo, akahukumiwa kufa tarehe 29 Septemba, na siku ile ile akapigwa risasi. Hapo msemaji wa malipo atatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini na atazame upande wa pili: yule aliyempindua alikuwa mmoja wa wakubwa wa jeshi katika utawala ule ule, naye aliingia Ikulu akakaa humo kwa zaidi ya miaka 40.

Bokassa alikuwa askari wa jeshi la Kifaransa kabla ya kunyakua madaraka usiku wa kuingia mwaka 1966. Mwezi wa Desemba 1977 alijivika taji la mfalme mkuu katika sherehe zilizosemekana kugharimu karibu dola milioni 20, katika nchi ambayo wananchi wake walikuwa miongoni mwa maskini wa dunia. Mwezi wa Aprili 1979 watoto wa shule walikamatwa mjini Bangui baada ya ghasia zilizotokana na amri ya kununua sare, na wengi wao wakafia kizuizini. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, akiwa safarini Libya, askari wa Ufaransa walimwondoa. Mwaka 1986 alirudi nyumbani kwa hiari yake, akakamatwa, akashtakiwa, na mwaka 1987 akahukumiwa kufa. Hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo, kifungo kikapunguzwa tena, na mwaka 1993 akaachiliwa huru. Alikufa mwaka 1996 mjini Bangui, akiwa na umri wa miaka 75. Mwaka 2010 serikali ya nchi yake ilimrudishia heshima zake zote.

Wala tusisahau alikotoka. Mwaka 1927, Bokassa akiwa mtoto wa miaka sita, baba yake alipigwa mpaka akafa mikononi mwa watawala wa kikoloni, na baada ya wiki moja mama yake akajiua kwa huzuni. Hatukumbuki jambo hili ili kumwombea udhuru mtu mzima kwa damu ya watoto wa Bangui. Twauliza tu: katika daftari hilo, deni la mtoto yule yatima liliandikwa ukurasa gani, na ni nani aliyelilipa?

Wa tatu twamjua zaidi, maana ni wa kwetu. Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Makadirio ya watu waliouawa katika miaka yake minane hutofautiana, nayo yako yanayofika 300,000. Baada ya majeshi yake kuivamia Tanzania mwaka 1978, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, na mji ukaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akapewa nyumba na matunzo. Hakuna mahakama yoyote iliyopata kumwita jina lake kizimbani. Alikufa kitandani katika hospitali mjini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko.

Watu watatu, mwaka mmoja, madhambi ya namna moja. Mmoja aliuawa katika muda wa miezi miwili, wa pili alifungwa akafunguliwa, wa tatu aliishi miaka 24 mingine akila na kulala. Yuko atakayesema kwamba Amin alilipwa kwa kufa ugenini. Na aseme hivyo. Lakini mjane ambaye mumewe alichukuliwa ndani ya buti la gari asipate hata kaburi la kulia, hatakubali kwamba mizani hiyo imelingana.

NA WALIOTENDA MEMA?

Tugeuke tuwatazame wa upande mwingine. Benedicto Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu wa nchi hii. Mwezi wa Septemba 1972 lililetwa mbele yake shauri la mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeshikwa na wanajeshi, naye akaamuru aachiliwe, akieleza kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata. Yeyote aliyekuwa na macho wakati ule aliweza kuona hatari ya maneno hayo. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha walimchukua kutoka ofisini kwake, ndani ya jengo la Mahakama Kuu. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana.

Mwezi wa Februari 1977 ikawa zamu ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Siku hiyo hiyo waliuawa pamoja naye mawaziri wawili, na mmoja wao alikuwa Erinayo Oryema, ambaye polisi wa Uganda wanamjua kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Polisi katika nchi yetu. Serikali ya wakati ule ilitangaza kwamba watatu hao wamekufa katika ajali ya gari. Tangazo hilo halikumdanganya mtu.

Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa kwa kumkumbuka Askofu Luwum, na sanamu yake imesimamishwa mjini London tangu mwaka 1998. Jaji Kiwanuka naye hukumbukwa na mahakama zetu kwa mhadhara wa kila mwaka ulioanzishwa mwaka 2018. Heshima hizi ni njema, na wema hauozi. Lakini kumbukumbu si malipo. Sanamu haimrudishii mtoto baba yake, na mhadhara wenyewe ulianza miaka 46 baada ya mtu kutoweka. Twayakumbuka mambo haya kwa fahari na kwa huzuni pamoja, na wala hatuwezi kusema kwamba hesabu ya watu hao imekwisha.

HATARI YA KUAMINI KWAMBA KILA MTU AMESTAHILI

Huenda mtu akasema: hata kama si kweli, kuna ubaya gani? Si heri watu waamini kwamba uovu hulipwa, wapate kuogopa? Sisi twaona ubaya upo, na ni mkubwa, hasa kwa mtu wa dola.

Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi wa Marekani, Melvin Lerner, alilichunguza jambo hili. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1966, yeye na mwenzake waliwaketisha wanafunzi wa chuo kikuu wamtazame mwanamke akijibu maswali na kupigwa umeme kila alipokosea. Mwanamke huyo alikuwa akiigiza tu, lakini watazamaji hawakujua. Wale waliopewa nafasi ya kumwondolea adhabu, walio wengi waliitumia. Wale walioambiwa kwamba mateso yataendelea na kwamba hawana la kufanya, walianza kumdharau yule mwanamke na kumwona ni mtu asiyefaa. Lerner alieleza kwamba binadamu hupenda mno kuamini kwamba dunia ni ya haki. Na akishindwa kumsaidia anayeonewa, huiokoa imani yake kwa kumtia makosani.

Mlango wa jambo hili uko wazi katika kila kituo cha polisi. Binti aliyeharibiwa njiani usiku huja kuandikisha mashtaka, na swali la kwanza analoulizwa ni: ulikuwa unakwenda wapi saa hizo? Mzee aliyenyang'anywa pesa za mauzo ya kahawa huulizwa kwa nini alizibeba zote. Mahabusi aliyevimba uso huambiwa kwamba kama hakutenda hili, hapana shaka alitenda jingine. Anayesema hivyo si lazima awe mkatili. Mara nyingi ni mtu aliyechoka, ambaye hana petroli ya kuendesha gari la doria wala karatasi ya kuandikia maelezo, na moyo wake hauwezi kuvumilia kuona dhuluma asiyoweza kuiondoa. Basi huipatia sababu, na sababu iliyo karibu ni kwamba aliyepatwa amejitakia.

Na kama imani hiyo humfanya askari awe mgumu kwa wengine, humfanya awe mgumu zaidi kwa nafsi yake. Yule aliyerudi mzima wakati wenzake walirudi katika majeneza huweza kudhani kwamba ameiba maisha yasiyo yake. Yule aliyekatwa mguu kwa bomu la ardhini huweza kuhesabu madhambi yake ya ujana, akitafuta ni lipi lililomtegea. Kwake twasema wazi: bomu la ardhini halisomi jina la mtu wala mwenendo wake. Humkata anayelikanyaga.

DAFTARI LILILOANDIKWA KWA MKONO

Je, tuseme basi kwamba haki haipo, kila mtu ajifanyie apendavyo? La, hasha. Tunalokataa ni kwamba haki huja yenyewe kama mvua ya masika. Mfano uko kwetu, nao unawahusu sana wasomaji wa ukurasa huu.

Katika miaka ya 2003 na 2004 waasi wa Joseph Kony walizishambulia kambi za wakimbizi wa ndani huko kaskazini: Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Wakati ule ule, askari wa jeshi, maofisa wa usalama na polisi walikuwa wakikaa mbele ya simu za upepo wakisikiliza mazungumzo ya waasi. Waliyanasa katika kanda, wakayaandika katika madaftari: tarehe, saa, nani amesema na nani amejibu. Ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na nishani, na hatudhani kwamba mwandishi wa usiku wa manane alijua daftari lake litafika wapi.

Lilifika The Hague. Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda wa waasi hao, alijisalimisha mwezi wa Januari 2015, na kesi yake ikaanza Desemba 2016. Kanda na madaftari yale yakawa miongoni mwa ushahidi mkubwa. Tarehe 4 Februari 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, na mwezi wa Mei akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Rufani yake ilikataliwa Desemba 2022. Mwaka 2024 mahakama iliamuru waathiriwa, wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000, walipwe fidia ya zaidi ya euro milioni 52. Na kwa kuwa mfungwa mwenyewe hana kitu, mfuko wa waathiriwa ukaombwa utafute fedha hizo.

Katika kesi hiyo tuliliona pia lile fumbo la mtoto yatima wa mwaka 1927. Ongwen mwenyewe alitekwa na waasi akiwa mtoto wa miaka kama tisa, njiani kwenda shule. Majaji hawakuufuta uovu wake kwa sababu hiyo, wala hawakuusahau utoto wake. Waliupima katika kuamua urefu wa kifungo. Wako wananchi wanaosema adhabu ilikuwa ndogo, na wako wanaosema ilikuwa kubwa. Sisi twaona kwamba kupima namna hiyo, kwa kusikiliza pande zote na kwa kuchelewa kote kule, ni jambo ambalo gari lililomgonga mwizi barabarani haliwezi kulifanya kamwe.

WAJIBU WA ASKARI

Wahindu wenyewe wana kisa kinachowafaa askari. Katika Bhagavad Gita, shujaa Arjuna anasimama kati ya majeshi mawili, anawaona ndugu zake na waalimu wake upande wa pili, na upinde unamlegea mkononi. Fundisho analopewa na Krishna, kama tunavyolielewa, ni kwamba mtu amepewa kazi aitimize vema, wala hakupewa umiliki wa matunda yake. Wazee wetu walilisema jambo lililo karibu na hilo kwa maneno machache: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

Ndugu askari, hatukuahidi kwamba ukitenda haki utapandishwa cheo, wala kwamba anayekuonea ataanguka kabla hujastaafu. Jaji Kiwanuka hakuahidiwa hivyo. Tunalolijua ni kwamba deni la dhuluma halina mdai mwingine hapa duniani isipokuwa watu, na katika watu hao wewe ndiwe wa kwanza kufika mahali pa tukio. Mlalamikaji akija, mpe kiti. Andika maelezo yake kama alivyoyasema, si kama unavyodhani alistahili. Andika tarehe na saa. Msomee, atie sahihi au dole gumba. Mahabusi akiletwa ana jeraha, liandike jeraha hilo katika kitabu kabla hajaingia ndani, hata kama aliyemjeruhi ni mwenzako. Na mkubwa akikuamuru umchukue mtu pasipo hati wala sheria, kumbuka jengo la Mahakama Kuu na asubuhi ile ya mwezi wa Septemba.

Huenda jalada hilo lisifunguliwe na mtu kwa miaka 10 au 15. Huenda wewe uwe umekwisha kurudi shambani kwako, na jina lako lisitajwe. Lakini siku litakapofunguliwa, wanaotafuta haki watakuta humo ulichokiandika, au watakuta ukurasa mtupu.